Miduara 23: kisa cha kijitabu cha Bombo

Kisa hiki kilinifikia siku ya nne, kikiwa kimeshachacha. Mimi husoma prufu katika barabara ya Nasser, Kampala, ambako ukiruka mlango mmoja unaofuata ni wa mchapaji. Nakaa kwenye kibenchi na kalamu, nasaka makosa kabla mashine haijaanza kunguruma. Kijitabu chenyewe sikukisoma. Mteja alikuwa na haraka, na duka halikutaka kulipia macho ya pili. Niliitwa baadaye, nikapewa nakala iliyojaa wino mwekundu na simu iliyojaa matusi ya heshima, nikaambiwa: "Tuamulie nani alipe."

Wenye kijitabu ni kikundi cha akina mama wa Bombo, ule mji wa Wanubi kwenye barabara ya Gulu, kama kilomita 35 kutoka Kampala. Huko Kinubi na Kiswahili ni lugha za nyumbani, Kiganda ni cha sokoni, na Kiingereza ni cha ofisini na cha mabango. Akina mama hawa husuka mikeka na kawa za rangi, huweka akiba na kukopeshana. Walikuwa wanatimiza miaka 10, sherehe ikiwa Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024. Wakaagiza kijitabu cha kurasa 12, nakala 300, kwa shilingi 1,500,000. Nusu walilipa mwanzoni, nusu ilisubiri mzigo.

Kijitabu cha kurasa 12 cha namna hiyo ni karatasi tatu tu zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Karatasi ya nje hubeba kurasa za 1, 2, 11 na 12. Ya kati hubeba 3, 4, 9 na 10. Ya ndani kabisa hubeba 5 hadi 8. Zishike akilini karatasi hizo, maana hukumu yote ilikuja kuziangukia.

Maandishi ya Kiingereza yaliletwa kwenye flashi na mweka hazina, mama ambaye kila mtu humwita Hajati. Ukurasa mmoja, wa 7, ulikuwa wa Kiswahili, na huo aliuleta umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Kijana wa kupanga kurasa akafungua flashi, na kurasa nzima zikawa na mistari myekundu. Kompyuta yake, kama nyingi zinazouzwa mjini, ilikuja ikiwa imewekewa Kiingereza cha Marekani na hakuna aliyewahi kuibadilisha. Kwake yeye mstari mwekundu ni kosa, na kosa husahihishwa. Akabofya, akabofya, mpaka kurasa zikatakata. Aliniapia kwamba alidhani anamsitiri Hajati, na mimi namwamini.

Mzigo ulipofika Bombo, nakala ya kwanza iliangukia mikononi mwa mjomba wa katibu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu. Alipomaliza alikuwa amezungusha miduara 23, na chini ya ukurasa wa mwisho akaandika «See me», kama alivyokuwa akiwaandikia watoto wa darasa la saba. Akapiga picha kila ukurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la sherehe, lenye akina mama, waume zao, wapwa na jamaa wa mbali. Akamalizia kwa sentensi moja: wasilipe baki, hiki si Kiingereza.

Siku nne zilizofuata nilizisoma zote, na nilizisoma kama mtu anavyosoma barua za mirathi. Katibu alimwingiza kijana wa duka kwenye kundi ili ajitetee. Kijana akaandika kwa adabu, "Mzee shikamoo, kompyuta yenyewe ndiyo ilikataa." Mwalimu akajibu kwamba yeye alisomeshwa na Waingereza wenyewe, si na kompyuta. Mpwa mmoja aliyeko Texas akadakia kwamba dunia nzima sasa inaandika kwa njia ya Marekani na watu wa Bombo wanapoteza muda. Katika kudakia huko akaandika «gotten». Mwalimu akaacha kijitabu, akamgeukia mpwa: hilo ni neno la vinyozi, Mwingereza hawezi kulitamka. Hapo kijana wa duka, ambaye ni mtoto wa mchungaji, akabandika Mwanzo 4:1 kutoka Biblia ya King James ya mwaka 1611, pale Hawa anapomzaa Kaini na kusema «I have gotten a man from the LORD». Waingereza walilitumia neno hilo kwa karne nyingi. Wao wakaliacha kwao, Wamarekani wakabaki nalo. Kundi likacheka. Mwalimu hakucheka. Kuanzia hapo ugomvi ukawa umeshakihama kijitabu.

Siku ya pili, katikati ya moto huo, Hajati alituma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na kitu. Hakuna aliyeujibu. Nitaurudia baadaye, kama ulivyorudiwa.

Miduara yenyewe

Kabla ya kuamua nani alipe nilifanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya: nililinganisha kijitabu na faili la asili lililokuwa bado kwenye flashi. Miduara 11 ilikuwa ya herufi z, katika maneno kama «organize» na «recognize». Sita ilikuwa ya u iliyopotea: «color», «neighbor», «labor». Mitatu ilikuwa ya «program», mmoja wa «center», mmoja wa «practice» na mmoja wa «the committee has».

Huo wa mwisho tuumalize haraka. Hajati mwenyewe ndiye aliyeandika «has», duka halikugusa. Na Uingereza kwenyewe kamati yaweza kuwa moja au kuwa watu wengi, kutegemea mwandishi anaitazamaje. Mwalimu alizungusha mduara kwa mazoea.

«Practice» ni kosa kweli, kwa kanuni ya Uingereza. Huko kitenzi huandikwa kwa s na jina la tendo kwa c. Wamarekani hutumia c kwa yote mawili. Hajati aliandika kwa s, sawasawa kabisa, na kompyuta ikamharibia.

Sasa ile z. Hapa nilikaa muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa silaha kubwa ya Mwalimu na ndiyo iliyokuwa butu kuliko zote. Watu wengi wa Uganda hufundishwa kwamba s ni ya Uingereza na z ni ya Marekani, basi. Ukweli ni kwamba kiambishi hicho, «-ize», kilitoka Kigiriki, ambako kilikuwa na z, na Waingereza waliandika kwa z kabla hata nchi ya Marekani haijazaliwa. Kamusi kubwa ya Oxford inaandika kwa z hadi leo. Wachapaji wa Chuo Kikuu cha Cambridge wao hupendelea s. Vyuo viwili, nchi moja, mwendo wa saa chache kati yao, na hawajakubaliana. Umoja wa Mataifa nao hufuata njia ya Oxford, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hujiandika «World Health Organization», kwa z, na jina hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa 9, ndani ya mmoja wa miduara 11. Mwalimu alikuwa amelisahihisha shirika jina lake.

Nilimpigia simu. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya nyumbani, kisha nikamwomba afungue kamusi yake, maana alikuwa ameitaja kundini mara nyingi. Akaifuata rafuni. Nilisikia kurasa zikigeuzwa. Nikamwambia atafute «organize». Kimya. Kimya kirefu, na jogoo wa jirani akiwika nyuma yake. Kisha akasema, "Hii ni chapa ya zamani." Nikamwambia ndiyo, Mwalimu, ni ya zamani. Sikuongeza neno, na sidhani ingefaa kuongeza.

Zile u zina historia yake. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755 aliandika «colour» na «honour», na uzito wa kamusi hiyo ukazigandisha. Kabla yake mambo yalikuwa vululu. Katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623 «honor» na «honour» zote zimo. Noah Webster, Mmarekani, alitaka taifa jipya liwe na maandishi yake, na kamusi yake ya mwaka 1828 ikaziondoa u. Alikuwa na mapendekezo mengine ambayo watu wake waliyakataa: alitaka ulimi uandikwe «tung» na wanawake «wimmen». Kwa hiyo «color» si uvivu wala ujinga wa vijana wa leo. Iliamuliwa na mtu, kwa sababu za kisiasa, karibu miaka 200 iliyopita.

Sisi wenye Kiswahili tunaujua uamuzi wa namna hiyo. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi wanachama, na katika miaka ya 1950 ofisi yake ilikuwa papa hapa Makerere. Kiunguja kikafanywa msingi, Kimvita kikabaki na washairi wake. Wazee wa Bombo bado huandika «kheri» na «khabari», wajukuu huandika «heri» na «habari», na sijaona familia iliyokosana kwa hilo. Nilimwambia mwenye duka hivyo, naye akaniuliza swali zuri: mbona basi kwa Kiingereza tunapigana?

Kibao shingoni

Jibu langu ni hili, na mtu anaweza kulikataa. Katika shule nyingi za Uganda, mtoto aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake na kumvisha. Kiingereza hatukukipokea kama lugha tu, tulikipokea kama cheo. Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962 na cheo kikabaki. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni wa Kiingereza, mahakama ni ya Kiingereza, Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja chenyewe tu kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaongezwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Kwa mtu wa umri wa Mwalimu, ile u ndani ya «colour» aliilipia kwa viboko. Anapoambiwa na kijana wa dukani kwamba haina kazi, anasikia kwamba viboko vile vilikuwa bure.

Ukilitazama hivyo, mabishano yale yanasomeka vizuri zaidi. Mwalimu alikuwa anatetea ujana wake. Mpwa wa Texas alikuwa anatuonyesha kwamba amefika. Kijana wa duka alikuwa anatetea kibarua. Na kila mmoja alijua fika kwamba akikamatwa na kosa moja la tahajia katika sentensi yake mwenyewe, hoja yake yote imekwisha. Ndiyo maana akina mama, wenye sherehe yao, karibu wote walinyamaza tangu siku ya kwanza. Nilihesabu: kati ya ujumbe wote wa siku nne, wa akina mama haukufika hata kumi, na mwingi ni wa sauti. Sauti haina tahajia.

Niliyoamua

Nilimwambia mwenye duka kwamba swali la Kiingereza kipi ni sahihi halina hakimu, si Bombo, si Kampala, wala London. Swali lenye hakimu ni dogo: maandishi ni ya nani, na nani aliyabadilisha bila ruhusa? Katika kazi yetu maandishi ya mteja ni amana. Faili la asili lilikuwa na «organise» mara nne na «organize» mara mbili, kwa hiyo Hajati naye alichanganya, lakini «colour» aliiandika kwa u kila mahali. Fundi angemuuliza, angejibiwa kwa dakika moja. Hakuuliza.

Hata hivyo, kubadilisha tahajia moja halali kuwa nyingine halali hakumzuii mgeni kula wali na kupiga makofi. Nisingemlipisha mwenye duka kwa z na u za kawaida. Majina ni jambo jingine. Jina la ofisi haliandikwi kwa kanuni, huandikwa kama mwenyewe alivyojiandika. Shirika la Kazi Duniani ni «International Labour Organization», u ya Uingereza na z ya Oxford kwenye mstari mmoja, na huna haki ya kulinyoosha upande wowote. Kwenye ukurasa wa 2 akina mama walikuwa wameishukuru «Ministry of Gender, Labour and Social Development», wizara inayosimamia «Uganda Women Entrepreneurship Programme», na kompyuta ilikuwa imeinyang'anya wizara u yake na mpango ule herufi zake mbili za mwisho. Mgeni rasmi alitarajiwa kutoka ofisi hiyo hiyo. Hapo Mwalimu alikuwa sahihi kabisa, ingawa aliviweka katika kapu moja na mambo mengine 21 ambayo hayakuwa na uzito huo, na kapu likamwangusha.

Nilikuwa karibu kumaliza nilipofikia ule ujumbe wa sauti wa Hajati. Nitauandika kama alivyousema: "Jamani samahanini, mimi Kiingereza chenu sikijui sana, lakini ukurasa wa saba unasema tarehe sita mwezi wa saba, na jalada linasema saba kwa sita. Sherehe ni lini?"

Nikafungua jalada. 7/6/2024. Kijana alikuwa ameijaza tarehe kwenye kiolezo, na kompyuta ikaipanga kwa utaratibu wa Marekani, mwezi kwanza, siku baadaye. Mganda yeyote akisoma 7/6 anaona tarehe 7 Juni, Ijumaa, wiki nne kabla ya sherehe. Tulikuwa mwisho wa Mei. Mwalimu alikuwa amepita juu ya tarehe hiyo na kalamu yake nyekundu, akazungusha mduara «color» mistari miwili chini yake. Mpwa wa Texas asingeiona kabisa, kwake imekaa sawa. Kijana aliiona sahihi kwa sababu haikuwa na mstari mwekundu. Na mimi, niseme ukweli, niliisoma mara mbili nikiwa nahesabu miduara.

Suluhu ilikuja haraka baada ya hapo, kama inavyokuwa pakitokea kosa lisilobishaniwa. Jalada na ukurasa wa 2 ziko kwenye karatasi moja, ile ya nje. Duka likachapa upya karatasi 300 kwa gharama yake, likiandika tarehe kwa maneno, na wizara na mpango wake vikarudishiwa herufi zao. Kijana akashinda siku nzima akichomoa pini na kupiga nyingine. Karatasi mbili za ndani zikabaki na z zake na «neighbor» yake, na akina mama wakalipa baki yote. Mwalimu alidai angalau «color» za ndani nazo zirudishiwe u. Hajati akamwambia kundini, kwa maandishi safari hii, "Mwalimu, tuachie." Akatuachia.

Kuna jambo moja sikulitia kwenye hukumu kwa sababu hakuna aliyenituma. Ule ukurasa wa 7, wa Kiswahili, wenye tarehe sahihi, kijana aliunakili mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya daftari. Yeye ni Muganda, na katika maandishi ya Kiganda r huja baada ya e na i tu, kwingine huwa l. Kwa kanuni hiyo aliandika bila wasiwasi «talehe» na «tunawakalibisha», na juu yake akaongeza «kwa niamba ya kamati». Makosa matatu katika aya moja fupi, ukurasa pekee ambao wenye sherehe wote wanausoma. Mwalimu, ambaye Kiswahili ni lugha aliyozaliwa nayo, hakuuzungushia mduara hata mmoja.

Nilimtajia mwenye duka. Akakigeuza kijitabu, akaniuliza ukurasa huo uko karatasi ya ngapi. Nikamwambia ya ndani, inayobaki. Nikampigia Hajati pia, akacheka, akasema watu wataelewa, pesa imekwisha. Siku ya sherehe nilipewa nakala yangu. Ukurasa wa 7 bado unatukalibisha wote.